Swali Baya la Mama Mektrida

Mama mkwe wangu mdomo wake hauna breki. Nalisema mapema ili mtu asije akasema nimemsengenya. Mwenyewe anajua, na ukimwambia anakujibu kwamba breki ni za watu wanaoteremka, yeye bado anapanda. Ana miaka sabini na kitu, magoti mabovu, sikio la kushoto lilishaaga zamani, na tangu niolewe kwenye kihamba hiki, shamba la ukoo la migomba, huku juu ya Marangu, sijawahi kumsikia akinong'ona. Anajaribu, masikini. Ila mnong'ono wake unafika kwa jirani wa tatu na kurudi.

Jina lake Mektrida. Alizaliwa Mkatoliki huko Kilema, akaolewa na Mlutheri, na hadi leo ibada yetu ikiisha anapiga ishara ya msalaba kwa nguvu zote, kama anayemkumbusha mchungaji kitu alichosahau. Kazi yake tangu ujana ni kulea wazazi, yaani wanawake waliotoka kujifungua. Huku kwetu mwanamke akijifungua hagusi jembe wala kuni. Anawekwa ndani miezi mitatu, anakandwa kwa maji ya moto, anakunywa mtori wa ndizi na nyama, na maziwa, mpaka mashavu yanajaa, na halali peke yake hata siku moja. Kazi hiyo ni ya mama mkwe, lakini si kila mama mkwe anaijua, na wengine wanaijua ila roho hawana. Hapo ndipo anapoitwa Mama Mektrida. Anakuja na mwiko wake mwenyewe, mrefu kama fimbo ya kuchungia, anaingia jikoni bila hodi na kuanza kuzitukana sufuria za watu.

Halafu ana swali lake. Akishamkanda mzazi, mtoto akiwa amelala, anakaa ukingoni mwa kitanda na kuuliza, "Unataka kufa?" Hivyo hivyo, kavu kavu, kama anayeuliza unataka chumvi. Wengi wanacheka. Wengine wanawaka na kumwambia atoke na uchuro wake. Mimi nilipojifungua mtoto wa kwanza sikucheka wala sikuwaka. Nililia mpaka kifua kikauma, kwa sababu jibu lilikuwa ndiyo, na nilikuwa nimekaa na ndiyo hiyo peke yangu huku kila anayeingia mlangoni akiniambia hongera. Mama hakushtuka. Alisema, "Basi leo nalala hapa." Akaisukuma miguu yangu, akapanda kitandani na kukoroma mpaka kunakucha. Asubuhi akanibeba mkukumkuku mpaka hospitali, nikatibiwa. Mwanamke huyu ananikera kwa mambo mengi, nikianza kuyataja tutalala hapa. Lakini niko hai, na nampenda.

Sasa tuje kwa Filemon.

Filemon ni jirani yetu, ng'ambo ya mfereji. Alikuwa akipandisha wageni mlimani kwa zaidi ya miaka ishirini, na si mpagazi, kiongozi hasa, mwenye cheti. Wageni walimpenda. Alikuwa na maneno, alikuwa na kifua, na akirudi mlimani kilabu kizima cha mbege, pombe yetu ya ndizi, kilijua amerudi, maana yeye hanywi kimya kimya, ingawa kwa kutoa pesa mkono wake ulikuwa mzito. Siku moja daktari akampima, akamwambia moyo wako hautaki tena kimo kile, ukipanda unaweza usirudi. Filemon akacheka. Akatununulia mbege, akasema na afadhali, sasa atalala kwenye kitanda chake kama binadamu.

Tukamwamini. Sisi watu wa huku mtu akikununulia mbege unaamini kila anachosema.

Kidogo kidogo akaacha kuja kilabuni. Masale, ile mimea ya ua inayozunguka kihamba chake, ambayo alikuwa akiyapunguza mpaka yananyooka kama gwaride, yakaota yanavyotaka. Akipita njiani anasema "salama" na kuendelea, haulizi hata ng'ombe wako anakamuliwa vipi. Jamani, Mchagga anayepita bila kuulizia ng'ombe wa jirani, huyo mpime homa. Lakini tulisema ni maringo. Wengine walisema ana mwanamke mjini. Mkewe, Martha, alikuwa akitabasamu kwa meno tu.

Ikafika Jumapili ya mavuno.

Kwa asiyejua, siku ya mavuno kila mtu analeta kanisani alichonacho: ndizi, kahawa, kuku, maboga. Ibada ikiisha tunatoka nje, na sadaka zinapigwa mnada. Mnadi wetu ni Mzee Eliamini, mzee wa kanisa mwenye koo la kuuzia mitumba. Siku hiyo amemkumbatia jogoo kwapani, anatunadi sisi pamoja na jogoo, mara Filemon akatokea getini akimvuta ng'ombe.

Si ndama, wala si ng'ombe aliyezeeka. Ni ng'ombe wa maziwa, mwekundu, yule anayejaza ndoo, yule ambaye Martha humwita kwa jina kabla hajamwita Rodney, mtoto wake wa kwanza. Na mgongoni Filemon alikuwa amebeba begi lake la mlimani. Akalifungua mbele ya meza ya mnada. Akatoa buti zake. Akatoa koti zito, begi la kulalia, taa ya kufunga kichwani, na fimbo zile mbili za kutembelea. Akavipanga chini kimoja kimoja, vizuri, buti zikiwa zimepigwa kiwi.

"Vyote ni vya Bwana," akasema.

Weee! Vigelegele mpaka popo wakaamka. Mchungaji machozi yakamlengalenga, akasema hatujawahi kuona utoaji wa namna hii tangu usharika uanzishwe, akamfananisha na mjane wa Biblia. Kwaya ikadakia pambio. Sote tukapiga makofi. Martha peke yake ndiye aliyesimama kimya, ameziba mdomo kwa kanga, maana habari ya ng'ombe alikuwa akiisikia pale pale pamoja na sisi.

Pembeni yangu mama mkwe hakupiga makofi. Alikuwa amekunja uso kama amelamba ndimu.

"Mchagga ametoa ng'ombe anayekamuliwa," aliniambia. "Na mkewe hajui. Na yeye, mwenye maneno yale, hamchekeshi mtu. Shika mkoba wangu."

"Mama, unakwenda wapi? Mama, kaa!"

Utamkalisha nani. Aliwapasua watu kwa viwiko, akamfikia Filemon, akamshika mkono wa shati, akamvuta mpaka sikio lake likafika mdomoni kwake. Na hapo, kwa imani yake yote kwamba ananong'ona, akauliza:

"Baba Rodney, unataka kufa?"

Kwaya ilikuwa imemaliza ubeti na inavuta pumzi. Uwanja mzima ulisikia. Nadhani hadi waliokuwa barabarani walisikia. Nilitamani ardhi inimeze na ule mkoba wake.

Filemon akamwangalia. Midomo yake ikatikisika kidogo, akasema kitu ambacho sisi hatukukisikia. Mama naye hakukisikia, maana alikuwa amempa lile sikio bovu. Akageuza kichwa, akampa la kulia.

"Umesemaje?"

"Nimesema ndiyo, mama," akajibu Filemon, safari hii kwa sauti. "Ndiyo. Nimechoka."

Akaanza kulia. Mtu mzima, mwenye mabega yale, akasimama katikati ya maboga analia, na ng'ombe akaanza kula ndizi za sadaka kwa sababu hakuna aliyekuwa akimwangalia.

Basi hapo ndipo ungetujua sisi ni watu wa namna gani. Mmoja akasema ni shetani, kemea. Mwingine akasema hapana, ni laana, ukoo wao una historia. Mama mmoja wa kwaya akaanza kunong'ona kwamba hata babu yake alikwenda hivyo hivyo. Na Mzee Eliamini, jogoo bado kwapani, uso umempauka, akauliza kwa sauti ya mtu aliyepotea, "Sasa huyu ng'ombe... mnada unaendelea au?"

"Eliamini, nitakunadi wewe!" mama mkwe akafoka.

Mimi nilimfuata nikamshika mkono. "Mama, umemdhalilisha. Mbele ya usharika mzima, mama!"

"Mficha uchi hazai," akanijibu. Pale pale. Kwenye uwanja wa kanisa. Mchungaji akaangalia viatu vyake.

Lakini mchungaji wetu si mtu mbaya, ni mwoga tu wa mama mkwe kama sisi sote. Akasogea, akasema tumwombee ndugu yetu. "Omba, mchungaji," mama akamwambia, "ila uombe unatembea, maana sisi tunaondoka." Akamshika Filemon mkono wa kulia, Martha akamshika wa kushoto, na mchungaji akafuata nyuma na joho lake, akiomba na kuhema kwenye kile kilima. Lazima nimpe haki yake, hakuacha hata neno moja, na alifika.

Nyumbani kwa Filemon, mama akatangaza sheria. "Huyu ni mzazi," akasema. "Kuanzia leo ni mzazi. " Akanigeukia mimi. "Eliona, kalete mwiko wangu."

"Mama, mimi sijazaa," Filemon akasema. Alikuwa amekaa kwenye kochi, macho mekundu, hana nguvu hata ya kukataa vizuri.

"Najua hujazaa. Kwa uvivu ninaoujua kwako usingeweza. Lakini una jeraha ndani ambalo hatulioni, na mtu mwenye jeraha ndani haachwi peke yake, analishwa na kulindwa. Mimi ninayo njia moja tu ninayoijua. Vua viatu."

Nikaleta mwiko. Ndizi zikamenywa, nyama ikapatikana, mtori ukapikwa. Filemon alipoletewa bakuli aliliangalia kama limemtukana, kwa sababu huku kwetu mwanamume kunywa mtori wa uzazi ni aibu ya kuhama kijiji. Mama akasimama mbele yake na mwiko. Filemon akanywa.

Martha alinivuta nyuma ya nyumba. Akaniambia alikuwa ameona muda mrefu. Aliona halali, aliona anagawa nguo, aliona anamaliza mambo kama mtu anayefunga nyumba kwa safari. "Niliogopa kumuuliza, Eliona. Niliona nikilitaja nitakuwa nimeliita."

Mama mkwe, ambaye hasikii ukimwomba chumvi lakini husikia ya nyuma ya nyumba, akatoka. "Kwani ukiitaja mvua inanyesha?" akasema. "Tungekuwa tunalima hata kiangazi." Halafu akapunguza sauti kadiri awezavyo, akamshika Martha shavu. "Si kosa lako, mwanangu. Sasa ingia ghalani na chooni na chini ya kitanda, kila kitu kinachokutia wasiwasi kitoe. Kipelekeni kwetu, Jackson akifungie." Jackson ni mume wangu. Alifungia kila kitu, akanipa ufunguo, akaniambia hataki hata kujua nimeuweka wapi.

Siku hiyo mama alilala kwenye kochi la Filemon, na alivyokoroma hakuna aliyepata nafasi ya kufikiria jambo lolote baya.

Kesho yake tukateremka Moshi mjini, hospitali: mimi, mama, Martha na Filemon. Kule kwenye kliniki ya afya ya akili tulipokewa na muuguzi anaitwa Kindness, msichana wa juzi tu, kucha ndefu za rangi ya zambarau. Mama alizitazama zile kucha, akanigeukia na kuninong'oneza, yaani chumba kizima kikasikia, "Huyu atamkanda nani na hizo?"

"Shikamoo bibi," Kindness akasema akicheka. "Mimi sikandi. Mimi nasikiliza."

Alimwita Filemon peke yake kwanza. Wakakaa huko mpaka mama akaanza kugonga sakafu kwa mguu. Baadaye akatuita na sisi, na mbele yetu, kwa ruhusa ya Filemon, akamuuliza tena kwa upole kama mawazo ya kujiua bado yapo leo. Mama akanipiga kiwiko cha mbavu nusura nianguke. "Umeona? Umeona! Hata waliosoma wanauliza!"

"Tunauliza, bibi," akasema Kindness. "Na ulifanya jambo kubwa kuuliza. Watu wanaogopa kwamba ukimuuliza mtu hivyo unampandikizia. Humpandikizii. Unampunguzia mzigo." Mama akatanua mabega, nikajua wiki hiyo hatutakalika. Lakini Kindness hakuwa amemaliza. "Ila bibi, uliuliza mbele ya nani?"

Mama akarudi kuzitazama zile kucha za zambarau.

"Ungemvuta pembeni. Kuna mtu mwingine, ukimuuliza mbele za watu, anasema hapana, anatabasamu, anaondoka, na humpati tena. Umebahatika. Tena mtori ni mzuri, endeleeni nao, kutomwacha peke yake ni vizuri sana. Lakini hautoshi. Huzuni hii ni ugonjwa. Kuna dawa zitakazoelewana na moyo wake, nitampeleka kwa daktari, na kuna kuja hapa kuongea, tena na tena, hata siku ambazo anajisikia vizuri."

Mama akayashusha yale mabega. Kindness akamwandikia Filemon namba ya simu, akamwambia usisubiri ikuzidie, piga ikiwa bado ndogo, usiku au mchana kuna mtu atapokea.

Tulipotoka nje, mama akasimama kwenye kivuli, akajifuta uso kwa kanga. "Baba Rodney," akasema, "nilikuvua nguo mbele ya watu. Nisamehe."

Filemon akamwangalia. "Lakini mama," akasema, "si ulininong'oneza?"

Akacheka. Kicheko kidogo tu, kilichokauka, kama injini iliyolala nje. Martha akaanza kulia, mimi nikaanza kulia, na mama akatuambia tuache kumwaibisha mbele ya watu wa mjini.

Msidhani baada ya hapo mambo yalikwenda kama nyimbo. Kwanza kulikuwa na kesi ya ng'ombe. Wazee wa kanisa walikaa kikao, wakasema sadaka ikishatolewa hairudi, ni mali ya Bwana. Mama akaingia kikaoni bila kualikwa. "Mtu mwenye homa ya malaria akiwapa shamba lake huku anaweweseka, mtalima?" akauliza. "Na huyo Bwana mnayemsema, lini aliomba maziwa?" Mzee Eliamini mwenyewe ndiye aliyemrudisha ng'ombe, pamoja na buti na koti na kila kitu, na akakaa kwa Filemon mpaka jioni wakizungumza habari za mbolea. Kesho yake akarudi tena. Sikutegemea, lakini nimeona kwa macho yangu.

Wakawa wanapishana. Leo Eliamini, kesho Jackson, kesho kutwa mchungaji, aliyekuwa akija bila joho na bila Biblia, kwa amri ya mama. Walevi wa kilabuni nao walijiunga, na hao ndio walikuwa hodari kuliko wote, maana hawana haraka ya kwenda popote. Filemon alipoambiwa aanze kumkamua ng'ombe mwenyewe kila asubuhi alijitetea, "Si mlisema mzazi hafanyi kazi?" Mama akamwambia wazazi wa kiume wana sheria zao.

Na kulikuwa na siku mbaya. Siku moja Filemon hakufungua mlango. Martha alikuwa amekwenda sokoni, aliyekuwa na zamu amechelewa, nami nikagonga, nikaita, nikazunguka dirishani. Niliogopa. Nilipokuwa natafuta jiwe la kuvunjia kioo nikasikia sauti yake ndani, anaongea. Alikuwa na simu. Alikuwa amempigia Kindness mwenyewe. Akafungua, akaniambia, "Leo imekuwa kubwa, Eliona, nikasema niwahi." Akanipa simu nizungumze na Kindness, lakini mimi nilikuwa nalia tu, ikabidi yule binti anitulize mimi badala ya mgonjwa.

Kindness naye alitupenda, sijui kwa nini. Akaanza kupanda huku kwetu kila Alhamisi, akaomba ukumbi wa usharika, akapanga viti vya plastiki kwa duara, mtu yeyote mwenye mzigo aje. Alhamisi ya kwanza walikuja Filemon na mlevi mmoja aliyefuata maandazi. Alhamisi iliyofuata yule mlevi akaongea, ikawa ndiye mwenye mzigo mkubwa kuliko Filemon. Baadaye wakaja wapagazi, akaja mwalimu mmoja mstaafu, wakaja wazazi wawili wenye watoto mgongoni. Tulifikiri huku hakuna mwenye shida hiyo kumbe kila mtu alikuwa anadhani ni yeye peke yake. Maandazi siku hizi hayatoshi.

Mwaka ukazunguka. Ikafika tena Jumapili ya mavuno.

Asubuhi hiyo mama mkwe aliingia jikoni kwangu akaweka mwiko wake mezani. "Kaa nao," akasema. "Mikono imechoka. Utalea wewe." Nilifurahi, acheni nitamke tu. Miaka yote nimeutamani ule mwiko. Nikauweka kwenye kikapu twende nao kanisani, nikawaringie wenzangu.

Ibada ikaisha, tukatoka uwanjani. Mzee Eliamini akaanza kunadi. Na Filemon akatokea getini. Watu wote wakageuka, na kukawa kimya kiasi kwamba ungesikia ndizi ikiiva, kwa sababu kila mmoja alikuwa akitazama nyuma yake kama anavuta kitu.

Havuti kitu. Begani alikuwa na mkungu mmoja wa ndizi mshare. Mkungu, nasema kwa heshima tu. Ndizi zake zilikuwa nyembamba kama vidole vya mtoto, nusu zimedonolewa na ndege. Akauweka mezani kwa madaha. Eliamini akaushika, akaugeuza tena na tena, lakini kazi ni kazi, akaunadi. Hakuna aliyeutaka. Basi Filemon akanyoosha mkono, akataja bei ya kutia aibu, na kununua mkungu wake mwenyewe.

"Amepona!" mama mkwe akapiga kelele. "Jamani, mchoyo wetu amerudi! Bwana asifiwe, amepona!"

Akapiga kigelegele, na safari hii wote tulijua tunachopigia makofi. Watu walicheka mpaka wakashikana. Martha alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Filemon akasimama na ndizi zake mbovu, anafuta machozi, anatutukana sote kwamba hatujui bidhaa.

Tulirudi nyumbani kwa njia ya mfereji, mimi, mama, Filemon na Martha. Njiani Filemon akataka kuweka ndizi zake kwenye kikapu changu, akaona mwiko. Akausimamisha mkononi, akaniangalia.

"Huu unafanya nini huku?"

"Mama kanipa," nikasema, bado naringa. "Anasema mikono imechoka."

Filemon akaacha kutabasamu. Akatuacha mimi na Martha tutangulie, akamshika mama mkwe mkono, akamzunguka na kwenda upande wa kulia, upande wa sikio zima. Nikageuka. Aliinama kabisa, akamwambia kwa sauti ndogo ambayo nisingeisikia kama upepo usingekuwa unaelekea kwetu.

"Mama. Unataka kufa?"

"Umesemaje?" akasema mama. Lakini alikuwa amesikia. Nilimwona.

Filemon akarudia, kwa upole ule ule.

Mama akasimama. Akayaangalia maji ya mfereji. Yule mwanamke aliyewauliza wazazi wa tarafa nzima, aliyeniuliza mimi, tangu mumewe azikwe nyuma ya migomba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza chochote. Tulimwona ana mdomo, tukajua mzima.

"Siku nyingine," akasema. Na kweli, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alinong'ona. "Nyumba ikiwa kimya. Siku nyingine ndiyo."

"Na leo?"

"Leo nina njaa tu."

"Basi leo tunalala kwenu, mimi na Martha," akasema Filemon. "Kesho nampigia Kindness, Alhamisi tunakwenda wote. Eliona, mrudishie mama mwiko wake."

Nikarudi, nikampa. Nikamkumbatia pale njiani, naye akanipiga na ule mwiko mgongoni akisema nitamwangusha kwenye maji.

Jioni Filemon akamkalisha kwenye kiti, akamvua viatu, akaingia jikoni kwangu na zile ndizi zake. Mtori aliopika ulikuwa na mabonge, chumvi imezidi, nyama haijaiva. Mama mkwe aliutukana kuanzia kijiko cha kwanza, akatukana sufuria, akamtukana aliyemfundisha Filemon kushika kisu, akaendelea kutukana mpaka bakuli likawa tupu, akaomba aongezwe.